Msambu: Mti wa Mafuta wa Usambara Mashariki na Nafasi Yake Shambani

Tunda la msambu halichumwi, husubiriwa lianguke. Kati ya Novemba na Machi, katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani wilayani Muheza, waokotaji hupita chini ya miti wakitafuta matunda ya kahawia yaliyojificha kwenye majani makavu. Tunda moja linaweza kufikia sentimita 34 kwa urefu na kuwa na uzito wa kilo kadhaa. Ni miongoni mwa matunda makubwa kabisa ya misitu ya mvua ya Afrika, na ndani yake zimejipanga mbegu ambazo zaidi ya nusu ya kiini chake ni mafuta.

Wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii, nao ni wa ukoo mmoja na mangustini. Ndugu zake wa karibu wameenea Afrika Magharibi na Kati, Ghana, Nigeria na Kameruni zikiwemo, lakini spishi hii haioti kwa asili popote duniani isipokuwa Tanzania, katika milima ya Tao la Mashariki: Usambara, Nguru, Uluguru, Udzungwa. Hupenda miinuko yenye mvua nyingi na ukungu. Amani, kwa mfano, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Mti wenyewe hauvui majani, shina lake hunyooka, na uliokomaa unaweza kupita mita 30. Mbao zake hutumika kwa ujenzi wa kawaida na masanduku, ila kuukata msambu kwa ajili ya mbao ni hasara: mbao huuzwa mara moja, mbegu huokotwa kila msimu kwa miaka mingi.

Kazi ya kupata mafuta inahitaji subira. Matunda hurundikwa na kufunikwa kwa majani kwa muda mpaka nyama yake ilainike, kisha hupondwa kwa mikono na mbegu kutenganishwa na ule utelezi mzito unaozizunguka. Hapo ndipo hali ya hewa ya milimani inapoleta tabu, kwa sababu mbegu isiyokauka vizuri huota ukungu, na jua la Amani halina ahadi. Wengine huzianika juu ya vichanja. Kwa matumizi ya nyumbani, mbegu kavu hutwangwa, huchemshwa na maji, na mafuta yanayoelea huenguliwa. Yakipoa huganda na kuwa meupe. Wazee wa Usambara wameyapikia, wameyatengenezea sabuni, na wameyachua kwenye viungo vinavyouma. Majani nayo hutafunwa kutuliza kikohozi.

Huko kuganda ndiko kulikowavutia watengenezaji wa siagi ya mimea. Mafuta ya msambu yana asidi mbili kuu tu, steariki na oleiki, na kwa mchanganyiko huo hubaki magumu kwenye joto la kawaida bila kugandishwa kwa kemikali kiwandani. Mwaka 2002 kampuni ya Unilever, pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF na wadau wengine, ilianzisha mpango wa kununua mbegu na kuuendeleza mti huu na ndugu zake Tanzania, Ghana na Nigeria. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha mafuta hayo yatumike kwenye vyakula vya kupaka. Kwa mwokotaji wa Muheza, zao la msituni likawa fedha taslimu. Hata hivyo, soko lenye wanunuzi wachache humwacha mwokotaji bila sauti kwenye bei, na udhaifu huo lazima usemwe wazi kabla ya kumshawishi mkulima yeyote apande.

Kuna kikwazo kingine, nacho kimo ndani ya mbegu yenyewe. Mbegu ya msambu inaweza kukaa ardhini miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kabla ya kuota. Kuondoa ganda husaidia, lakini mche uliotokana na mbegu huchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaa. Msituni, msambazaji wake ni panya buku, jamaa wa wale wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Hubeba mbegu, huzifukia akiba, na zile anazozisahau ndizo zinazopata nafasi ya kuota mbali na mti mama.

Jambo linalostahili kuzungumzwa zaidi ni jinsia. Kama ilivyo kwa mpapai, kuna msambu dume na msambu jike, na jinsia haijulikani mpaka mti utoe maua. Mkulima aliyengoja miaka yote hiyo akaona maua yasiyogeuka matunda, ana sababu ya kushika shoka. Lakini bila chavua ya dume, majike nayo hayazai. Dume analoliona halina faida huenda ndilo linaloyapa matunda majike ya shamba la jirani, na kulikata ni kupunguza mavuno ya wote wawili.

Ndiyo maana miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, ina umuhimu mkubwa. Kikonyo kikitoka kwenye jike linalojulikana kuzaa sana, jinsia haibaki kitendawili, na muda wa kungoja hupungua sana. Kitalu kinaweza pia kubebesha madume machache kwa makusudi na kuyachanganya shambani.

Mashamba yenye misambu nayo yana historia yake. Uvunaji mkubwa wa magogo Usambara Mashariki ulisimamishwa katika miaka ya 1980, na hifadhi ya Amani ikatangazwa mwaka 1997. Kabla na baada ya hapo, wakulima walilima iliki chini ya kivuli cha miti mirefu, wakifyeka vichaka na kubakiza baadhi ya miti mikubwa. Misambu mingi inayookotewa leo imesimama kwenye ardhi ya namna hiyo, nje ya mipaka ya hifadhi, na usalama wake unategemea uamuzi wa mwenye shamba.

Pendekezo kwa maofisa ugani ni hili: msimu wa maua ukifika, wapite mashambani pamoja na wenye mashamba, watambue madume na majike, wayatie alama za rangi mbili tofauti kwenye mashina, na waorodheshe majike yanayozaa vizuri ili vikonyo vya vitalu vitoke humo. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya rangi, daftari na mtu anayelijua ua.