Kipimeni Kitabu kwa Filamu



Wahitimu wa uandishi wa filamu, kuanzia kesho hamtakuwa na mwalimu wa kuwasahihishia kazi, na wengi wenu mtakimbilia vitabu vya kufundisha uandishi wa skripti. Je, vinafaa? Vinafaa, mradi mjue kuvipima.

Syd Field, katika Screenplay cha 1979, aliigawa hadithi ya filamu sehemu tatu: mwanzo, mgogoro na hatima. Kwa kuwa ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, alitaka mwanzo uishe karibu na ukurasa wa 30. Blake Snyder, mwaka 2005, alibana zaidi: katika skripti ya kurasa 110, tukio la kumtikisa mhusika liwe ukurasa wa 12. Mwandishi mchanga huzishika namba hizo kama sheria. Si sheria. Ni vipimo vilivyotokana na filamu za Hollywood.

Basi vijaribuni hapa kwetu. Chukueni Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Itazameni mkiwa na saa na kalamu, mwandike kila dakika ambapo maisha ya Yasmin, mhusika mkuu, yanageuka. Field atawasaidia kuona mageuzi hayo yamekaa wapi. Lakini binti aliyeozwa kwa mtu mzima, katika Zanzibar ya miaka ya 1950, anapoteza nini anapomwacha mumewe? Hilo Field hana. Wanalo bibi zenu, nendeni mkawaulize.

Kitabu ninachokiamini zaidi ni kile kinachoweka kazi yenyewe mezani. William Goldman, katika Adventures in the Screen Trade cha 1983, alichapa skripti nzima ya Butch Cassidy and the Sundance Kid, iliyompatia tuzo ya Oscar, kisha akaichambua mwenyewe. Hapo unajifunza kwa kuona.

Mhitimu, maliza kwanza rasimu yako, ndipo usome kitabu kimoja hadi mwisho. Kikikurudisha kwenye rasimu ukiwa na maswali mapya, kitunze. Kikikuachia hamu ya kununua kingine tu, mpe mwenzio, wewe uendelee kuandika. Hadithi zetu zinawangoja.