Kabla hatujaandika "tutaunda Wakala wa Hospitali"

(Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi kwenye darasa la vijana wa chama. Waliokosa nafasi waliomba yawekwe hapa. Nimesafisha kidogo tu, utani wa mjumbe wa nyuma nimeuacha ukumbini.)

  Dada yangu Katibu, asante kwa maji, sauti ilikuwa inakaribia kuniacha.

Nimepewa dakika 20 nizungumzie kipengele kimoja cha rasimu ya mapendekezo yetu ya afya. Mstari wenyewe unasema chama kikishika dola "kitaunda Wakala wa Ujenzi wa Hospitali ili kuondoa uzembe". Najua wengi mnaupenda mstari huu. Unavutia, unaingia vizuri kwenye bango. Mimi nimekuja kuomba tusiupitishe hivyo ulivyo, na nitasema kwa nini.

Kwanza tuelewane hospitali za umma nchini kwetu zinajengwa na nani. Hebu muulize mtu yeyote hapo nje. Atakwambia "serikali". Sawa, serikali ipi? Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa zilihamishiwa Wizara ya Afya mwishoni mwa 2017. Vifaa vinatoka Bohari ya Dawa. Mchoro unatoka juu, hela zinatoka Hazina, fundi anatoka mtaani. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilipeleka bilioni 1.5 kwa kila halmashauri katika halmashauri 67 zianze kujenga hospitali zake. Zaidi ya bilioni 100 zikashuka kwa mkupuo, na kazi nyingi ikafanywa kwa fosi akaunti. Yaani halmashauri inanunua vifaa yenyewe, inapatana na mafundi yenyewe, inajisimamia yenyewe, hakuna mkandarasi.

Sisemi fosi akaunti ni uovu mtupu. Nimeona majengo mazuri yaliyojengwa kwa bei ambayo mkandarasi mkubwa angecheka. Lakini ripoti za CAG, mwaka hadi mwaka, hazikosi kurasa za majengo ya afya ambayo hayajaisha, au yameisha na hayatumiki kwa sababu hakuna vifaa wala watumishi. Someni wenyewe, zipo mtandaoni, kila Aprili zinatua bungeni.

Sasa niwape la kwetu. Kijijini kwetu wananchi walijenga boma la zahanati kwa nguvu zao. Tofali zilichomwa pale pale, mama zetu walibeba maji ndoo kichwani kutoka bondeni, kila kaya ikachanga. Boma likafika kwenye lenta, likasimama. Tuliambiwa serikali itamalizia, ndio utaratibu. Nilipoanza chuo mwaka wa kwanza nyasi zilikuwa zimeota ndani hadi kifuani.

Nikasema mimi nasoma sheria bwana, ngoja nijaribu. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, kanituma kwa mtendaji wa kata. Yule akasema hilo liko kwa mhandisi wa halmashauri. Mhandisi akaniambia, kwa heshima kabisa, "binti, mimi nakagua tu, hela ziko idara ya afya". Idara ya afya wakasema wao ni watumiaji wa jengo, mwenye fungu ni Mkurugenzi. Kwa Mkurugenzi sikufika, niliishia kwa katibu muhtasi wake. Nikaandika barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Siku 30 zikapita. Siku ya 41 nikapigiwa simu, barua hakuna, nikaulizwa mimi ni mtoto wa nani.

Mnacheka, lakini angalieni. Katika mlolongo ule wote hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alisema ukweli kuhusu kipande chake. Mfumo umekatwa vipande hivi kwamba hakuna hata mmoja mwenye jengo zima mkononi.

Kwa hiyo naelewa hamu ya kusema "tuunde wakala mmoja, awe na bosi mmoja, tumjue". Hamu hiyo hata mimi ninayo. Tatizo ni kwamba wakala tunao tayari, tena kadhaa, na tunajua wanavyofanya kazi.

Chukueni TBA, Wakala wa Majengo. Ulianza 2002 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali, ile Na. 30 ya 1997. Wakala wa aina hii hauhitaji sheria mpya ya Bunge. Waziri anatoa amri, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, basi, wakala umezaliwa. Juu kuna Mtendaji Mkuu. Kuna bodi pia, lakini soma jina lake: Bodi ya Ushauri ya Wizara. Inamshauri Waziri. Haimwajiri Mtendaji Mkuu, haimfukuzi. Wakala unabaki ndani ya wizara, umepewa tu kamba ndefu kidogo.

Na TBA hiyo hiyo inabuni, inakadiria gharama, inasimamia na inajenga. Mnakumbuka mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Majengo 20, wanafunzi 3,840, bilioni 10, yakazinduliwa Aprili 2017. Desemba mwaka huo huo picha za nyufa zikasambaa. TBA ikaeleza kuwa zile ni nafasi zilizoachwa makusudi ili jengo litanuke bila kupasuka. Inawezekana kabisa, mimi si mhandisi, na majengo yapo yamesimama watu wanalala. Ila aliyebuni ndiye aliyejenga, na ndiye aliyetoka mbele kutuambia kuwa nyufa si nyufa. Mwanafunzi aliyesambaza picha akaishia mikononi mwa polisi. Sasa weka wodi ya wazazi mahali pa bweni, halafu uniambie kama muundo ule unakutosha.

Nije kwenye kitu kilichonifanya nikubali kusimama hapa. Sheria ile ya wakala inasema wakala unaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake kwenye mambo ya mkataba tu. Tafsiri yake mtaani ni hii: aliyeuza saruji akikosa malipo anaweza kuushika wakala mkono. Mama aliyeangukiwa na dari la wodi hana mkataba na wakala. Yeye anakwenda kwa Serikali, anatoa notisi ya siku 90, anamuunganisha Mwanasheria Mkuu, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Mama wa Kibondo huyo, au wa Nanyumbu, na bandeji yake. Na sisi vijana tukitaka kumfungulia kesi ya kikatiba kwa niaba yake, marekebisho ya 2020 yalitutaka tuape kwamba sisi wenyewe tumeguswa binafsi.

Kwa hiyo ukiunda Wakala wa Hospitali kwa sheria hii iliyopo, umempa nguvu muuza saruji, mgonjwa umemwacha pale pale alipokuwa.

Kuna la pili, na hapa naomba madiwani wetu waliopo wanisikilize. Barabara za halmashauri zilikuwa za halmashauri. Mwaka 2017 ikaja TARURA, zikahama. Pengine barabara zimepata wataalamu na hela zaidi, sibishi. Lakini muulize diwani yeyote, wa chama chochote, anamwajibishaje meneja wa TARURA wa wilaya. Anamwalika kwenye kikao. Akija amekuja, bosi wake yuko juu, si Baraza. Chama cha upinzani kinaposhinda mahali, mara nyingi kinaanzia kwenye kata na halmashauri. Sisi wenyewe kweli ndio wa kuandika mstari unaotoa ujenzi wa hospitali kwenye Baraza la Madiwani na kuupeleka kwa mteule wa mtu mmoja? Najua jibu la haraka: "tutakuwa sisi ndio tunateua". Ndugu zangu, hayo ndiyo mawazo ya waliopo.

Mtu aliniuliza juzi mbona Ulaya wana programu za kitaifa. Wanazo. Uingereza waliahidi hospitali mpya 40 ifikapo 2030, wakaweka programu moja kutoka makao makuu. Mkaguzi wao wa hesabu alisema mwaka 2023 kwamba kwa maana ya awali ya ahadi ile, lengo halitafikiwa, na katika hesabu ya "mpya" mlikuwa na ukarabati na majengo ya kuongezea. Januari 2025 serikali iliyofuata ikapanga ratiba upya, baadhi ujenzi wake kuanza baada ya 2035. Makao makuu hayakuwaokoa. Walichokuwa nacho ni mkaguzi aliyesema wazi na bado akabaki na kazi yake.

Basi napendekeza nini? Mstari uandikwe upya hivi. Kama kutakuwa na chombo cha kujenga hospitali, kianzishwe kwa sheria yake yenyewe iliyojadiliwa bungeni, si kwa amri ya Waziri. Kiwe na bodi inayoajiri na kufukuza Mtendaji Mkuu, na nafasi ndani yake zipendekezwe na bodi za usajili za wahandisi, wabunifu majengo na makandarasi, pamoja na wauguzi, kwa sababu muuguzi ndiye anayejua mlango wa kitanda unatakiwa upana gani. Anayebuni asijikague. Kishtakiwe na yeyote aliyeumizwa na jengo lake, kwa jina lake, mahakama ya karibu. Zahanati na vituo vya afya vibaki halmashauri, ila kila jengo libandikwe ubao: kiasi kilichopokelewa, kiasi kilichotumika, jina la afisa mmoja anayelibeba kuanzia msingi hadi mgonjwa wa kwanza. Jina, siyo cheo. Na taarifa hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, na ambao sehemu nyingi tunajua haufanyiki.

Mjumbe mmoja ameshaniambia hii ni ndefu, haiingii kwenye fulana. Kweli haiingii. Kwenye fulana tuweke kitu kingine.

Rasimu bado iko wazi kwa maoni hadi Ijumaa saa kumi jioni. Kipengele ni cha nne, sehemu ya afya. Maneno ninayoyapendekeza nimeshampa Katibu. Anayenipinga, na najua mpo watatu pale dirishani, aandike naye apeleke. Jumamosi ijayo tunapiga kura.