Vitabu vya Wageni na Madaftari Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya uhusiano wa elimu na utamaduni kati ya mkoa wetu wa Kagera na watu wa nchi za Nordiki, hasa Denmaki, Norwe, Uswidi na Ufini. Mwenzangu mmoja aliposikia akaniuliza: "Watu wa theluji na sisi wa Ngara na Biharamulo tumekutania wapi?" Swali lake ni la haki. Nitalijibu kwa kadiri nijuavyo, kisha nami nitawauliza langu.

Tuanze na lililo wazi. Mwaka 1963 nchi hizo nne zilianza kujenga kituo cha elimu pale Kibaha, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Palikuwa na shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya, vyote mahali pamoja, na mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Kuanzia mwaka 1975 vikafuata Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyopata msaada wa Uswidi. Mizizi ya vyuo hivyo iko Denmaki, ambako chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, kwa fikra za mchungaji N. F. S. Grundtvig, ili mkulima mtu mzima aje ajifunze bila kuogopa mtihani. Tanzania ilianzisha zaidi ya 50, na Biharamulo ikapata chake, Rubondo. Kwa hiyo fundi aliyejifunza kazi Rubondo amekula tunda la mti ambao mbegu yake ilitoka mbali sana.

Lakini mimi ni mtu wa vitabu, na uhusiano ninaotaka tuutazame hasa ni wa vitabu.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walikuwa hawapo tena Bukoba, na Waswidi wakaja kushika nafasi zao. Mmoja wao alikuwa Bengt Sundkler. Alikaa miaka michache, akarudi kwao akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Mwaka 1961 akarejea Bukoba akiwa askofu, hadi mwaka 1964 alipompisha Josiah Kibira. Miaka 10 baadaye Sundkler akatoa kitabu kiitwacho Bara Bukoba. Msomaji wa Kiswahili akiliona jina hilo hudhani ni habari ya bara na pwani. Sivyo. Kwa Kiswidi neno "bara" maana yake ni "tu". Bukoba tu! Nalipenda jina hilo. Profesa aliyeijua Afrika ya Kusini na vyuo vya Ulaya aliona kwamba Bukoba peke yake inastahili kitabu kizima.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1965 Carl-J. Hellberg alichapisha kitabu juu ya misheni za magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1991 Birgitta Larsson alitoa utafiti wake juu ya wanawake, kanisa na mabadiliko ya maisha katika pembe hii ya Tanzania. Wala barabara hii haikuwa ya kwenda upande mmoja. Kibira naye aliandika kitabu juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, kikachapishwa Uswidi mwaka 1974. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Waliokuwa walimu wetu wakawa wanaongozwa na mwana wa Kagera.

Sasa, ndugu zangu, itazameni vizuri ramani ya vitabu hivyo. Utakuta Bukoba, Karagwe, kisha Bukoba tena. Huku kwetu Ngara na Biharamulo waliotangulia kufungua shule na misheni walikuwa hasa Wakatoliki na Waanglikana, kwa hiyo macho ya Uppsala hayakufika sana. Hatukukosa historia. Mwaka 1861 Speke, Mwingereza aliyekuwa akiitafuta asili ya Nile, alicheleweshwa huku na Suwarora, mtawala wa Usui, nchi tunayoiita Rusubi, mpaka alipotoa hongo iliyotakiwa. Mtawala wa kumzuia mgeni mwenye bunduki hakuwa mtu mdogo. Lakini habari hiyo tunaisoma kwa kalamu ya Speke. Suwarora mwenyewe alionaje? Hilo liko vinywani mwa wazee, kama bado liko.

Halafu ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakatua Benaco. Ngara ikajaa mashirika, na miongoni mwake lilikuwamo shirika la Wanorwe, Norwegian People's Aid. Baada ya mashirika wakaja watafiti. Simon Turner, mwanaanthropolojia kutoka Denmaki, alifanya utafiti katika kambi ya Lukole, hapa hapa Ngara, kati ya wakimbizi wa Burundi, na mwaka 2010 kitabu chake kikatoka. Ni kazi ya mtu aliyekaa akasikiliza, na ninaiheshimu.

Lakini tazameni matokeo yake. Kijana wa Copenhagen akiingia maktaba leo akatafuta neno Ngara, atakutana na kambi. Atajua jinsi mkimbizi alivyojenga kibanda chake Lukole, lakini hatajua Mhangaza alivyoposa, Msubi alivyofua chuma, wala Mzinza alivyovua samaki na kumzika mzee wake. Nchi yetu imeandikwa kama mahali pa wengine kupita.

Jambo hili si la maktaba peke yake. Wengi wetu tuliomo ukumbini tumewahi kuulizwa, huko mijini au penye ofisi fulani, kama kweli sisi ni raia, kwa sababu tu tulisikika tukisema lugha ya nyumbani nayo inafanana na Kirundi. Mtu ambaye habari za kwao hazikuandikwa hujikuta anaeleza upya kila siku yeye ni nani.

Mtasema, lugha zetu zinajulikana na wataalamu. Ni kweli. Jouni Maho wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Uswidi, alitengeneza orodha ya lugha za Kibantu inayotumiwa na wataalamu duniani kote. Ndani yake Kisubi ni JD64, Kihangaza ni JD65, Kizinza ni JE23. Tumeandikishwa! Ila namba ya mlango haikuambii yaliyomo ndani ya nyumba. Kwa majirani zetu Waha alifika Lotta Harjula kutoka Ufini, na mwaka 2004 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiha pamoja na masimulizi na msamiati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, kwa msaada wa Uswidi, kiliendesha Mradi wa Lugha za Tanzania. Humo tulipata Msamiati wa Runyambo wa Josephat Rugemalira mwaka 2002, Kamusi ya Ruhaya ya Henry Muzale mwaka 2006, na Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Hao wawili ni wasomi wetu wenyewe. Kihangaza na Kisubi navyo vinahitaji wana wao.

Na hapa nafika kwenye funzo kubwa ambalo watu wa kaskazini wanaweza kutupa. Halimo katika vitabu walivyoandika juu yetu. Limo katika jinsi walivyojiandika wao.

Miaka 200 iliyopita Ufini ilikuwa chini ya Urusi, na lugha ya shule na ofisi ilikuwa Kiswidi. Kifini kilikuwa lugha ya wakulima. Mwaka 1833 daktari mmoja, Elias Lönnrot, alianza kazi ya uganga wa wilaya huko Kajaani, mji mdogo wa pembezoni, mbali na mji mkuu kama Ngara ilivyo mbali na Dar es Salaam. Kutoka hapo alikuwa akifunga safari kwenda Karelia, akiwasikiliza wazee walioimba tungo za kale, akiziandika. Mwaka 1834 alimkuta mzee Arhippa Perttunen, mkulima, aliyemwimbia siku kadhaa. Mwaka 1835 Lönnrot akatoa Kalevala. Mwaka 1863 Kifini kikatambuliwa kisheria, na hadi leo tarehe 28 Februari Wafini hupandisha bendera kwa heshima ya kitabu hicho. Kinanda chao cha asili, kantele, hupigwa nyuzi kwa vidole, kama enanga ya Wahaya na inanga ya majirani zetu wa Burundi. Kalevala imekwisha kutafsiriwa hata kwa Kiswahili, na aliyeifasiri ni Jan Knappert, Mholanzi. Mwenzetu wa Kagera, Mugyabuso Mulokozi, alifanya kazi ya namna hiyo kwa Wahaya: tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu tendi za enanga.

Ng'ambo ya bahari kutoka Ufini wako Waestonia, taifa dogo la Baltiki. Mwaka 1888 mchungaji Jakob Hurt aliandika magazetini akiwaomba wananchi wakusanye nyimbo, methali, vitendawili na habari za wazee, wampelekee. Zaidi ya watu 1,400 waliitikia, na wengi wao hawakuwa maprofesa. Walikuwa walimu wa vijijini na wakulima, watu wa kalamu na karatasi tu.

Najua wako watakaosema kwamba kukusanya habari za makabila ni kurudisha ukabila. Nalijibu hilo kwa unyoofu. Kiswahili ndicho kilichotukalisha Mhangaza, Msubi, Mzinza na Mhaya kwenye dawati moja katika shule hii, na hakuna anayetaka kulivunja dawati hilo. Lakini kila mmoja alikuja na mzigo wake kutoka nyumbani. Kuufungua mbele ya wenzako ili nao waone si kuwatenga, ni kuwakaribisha. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga.

Kwa hiyo swali langu ndilo hili: wazee wetu wataandikwa na nani, na lini? Napendekeza mambo manne. La kwanza, kila mwanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, wakati wa likizo ndefu, amtafute mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, na kwa ridhaa yake aandike simulizi moja. La pili, aandike kwanza kwa lugha ileile aliyoisema mzee, na tafsiri ya Kiswahili chini yake. Aweke jina la kijiji na tarehe. Mwenye simu na anase sauti pia, ila daftari lisikosekane. La tatu, nakala moja ibaki maktaba ya shule na nyingine irudishwe kwa mzee na jamaa zake, kwa maana mali ni yao. La nne, chama chetu cha wanafunzi wa zamani kinunue madaftari na kabati la kuyahifadhi. Gharama yake haizidi ile ya chakula tutakachokula leo jioni, na mimi nimekwisha kumpa Mtunza Hazina mchango wangu.

Vijana, msingoje mgeni mwenye kinasa sauti. Akija, mkaribisheni, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini akija, akute kabati limejaa, naye aombe ruhusa ya kusoma.