Ukuta wa Bafu Kwanza, Vigae Baadaye



Leo tuzungumze juu ya kuta za bafu. Wengi wetu tunataka kubandika vigae bafuni. Ni jambo jema, maana vigae husafishika upesi. Lakini kigae peke yake hakizuii maji. Maji hupenya katika maungio, yakaingia ukutani. Ukuta ukiwa mbovu, vigae vitaanguka, hata viwe vya bei kubwa namna gani.

Kwanza, tazama ukuta umejengwa kwa kitu gani. Tofali bichi likipata maji hurudi kuwa udongo, na lipu ya saruji haishiki vizuri juu yake. Hapo usibandike vigae. Ukuta wa namna hiyo ukilowana kwa ndani, unaweza kumwangukia mtu anayeoga. Bafu lijengwe kwa matofali ya kuchoma au ya saruji.

Pili, safisha ukuta. Chokaa, rangi, ukungu na lipu iliyolegea, vyote vitoke. Utajuaje kuwa lipu imelegea? Igonge polepole kwa mpini wa nyundo. Ikilia kama debe tupu, haikushika. Ibandue, usiionee huruma.

Tatu, piga lipu mpya. Mchanga uwe safi. Sugua mchanga wenye unyevu kidogo kiganjani, kisha uumwage. Kiganja kikibaki na udongo, uoshe mchanga huo au utafute mwingine. Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi. Pima kwa ndoo ile ile: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 4. Usikisie kwa macho. Changanya kiasi cha kumaliza katika muda wa saa moja tu. Kabla ya kupiga lipu, lowanisha ukuta. Ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu, nayo hupasuka.

Nne, nyosha lipu kwa ubao ulionyooka na timazi. Usiilainishe. Ikwaruze, ili saruji ya vigae ipate pa kushika.

Tano, subira. Mwagilia lipu asubuhi na jioni kwa siku 7. Saruji hukomaa kwa maji, haikomazwi na jua. Kisha iache ikauke, ndipo vigae vifuate. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Fundi anataka malipo yake aende zake, mwenye nyumba naye anataka bafu lake. Jamani, ngojeni!

Ndugu zangu, ninyi sasa mnajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi yaandikeni haya daftarini. Siku fundi akija, someni pamoja naye: ndoo ngapi, siku ngapi? Kila mfuko wa saruji ni jasho lako. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.