Pikipiki Iliyoitwa Nungunungu

Wasikilizaji wetu, nungunungu mnamjua nyote, na wenye mashamba ya mihogo wanamjua kuliko wapendavyo kumjua. Lakini leo hatutasema habari za mnyama. Twataka kuwasimulia habari za pikipiki ya mbio iliyotengenezwa Uingereza, ambayo watu walipoiona waliipa jina la mnyama huyo, na jina likaishikilia hata mwisho wa siku zake. Pikipiki hiyo iliundwa kwa kutazamia sheria moja, ikashindana chini ya sheria nyingine. Sheria ilipogeuka iliinyima pumzi. Na miaka mitatu baadaye sheria nyingine iliipa ubingwa wa dunia. Ndiyo sababu twaona kwamba habari zake zafaa kusikilizwa hata na mtu asiyetazamia kupanda pikipiki maishani mwake.

Walioiunda ni kampuni ya AJS. Herufi hizo ni za jina la mmoja wa ndugu wa ukoo wa Stevens, mafundi wa mji wa Wolverhampton. Mwaka wa 1931 biashara yao ilinunuliwa na watengenezaji wa pikipiki za Matchless, kazi ikahamishiwa Plumstead, upande wa London. Jina la AJS halikutupwa, wala moyo wa kushindana haukutupwa.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, pikipiki zenye nguvu kuliko zote katika mbio za Ulaya zilikuwa zile zenye mtambo wa kushindilia hewa. Labda wako wanaouliza, hewa hushindiliwaje? Mtazameni mhunzi kazini. Makaa yake huwaka polepole yakiachwa yenyewe. Akianza kuvuta mivukuto, moto hupata hewa nyingi, na chuma huwa chekundu upesi. Injini nayo ni moto uliofungiwa ndani ya silinda. Kwa kawaida pistoni ishukapo huvuta ndani hewa iliyochanganyika na petroli, kama mtu avutavyo pumzi. Lakini ukiifungia injini mtambo wa kuisukumia hewa kwa nguvu, humo ndani huingia kingi zaidi cha kuwaka, na silinda ile ile hutoa nguvu kubwa kuliko kimo chake. Mwaka wa 1939 Mjerumani Georg Meier alishinda mbio kubwa za Kisiwa cha Man kwa pikipiki ya BMW ya namna hiyo, na Mwitalia Dorino Serafini alikuwa bingwa wa Ulaya kwa Gilera ya namna hiyo. Waingereza waliona wazi kwamba wameachwa nyuma.

Basi mafundi wa AJS walipoichora pikipiki mpya kwa ajili ya siku za amani, waliichora kwa kutazamia mivukuto. Ilikuwa na silinda mbili zilizopangwa sambamba, na ukubwa wa zote mbili pamoja ulikuwa karibu nusu lita. Wala silinda hizo hazikusimama wima kama katika pikipiki nyingi. Zililazwa zikielekea mbele, karibu kulala kabisa. Kwa kulazwa hivyo, juu ya sanduku la gia ilibaki nafasi ya kuweka mtambo wa kushindilia hewa, na uzito wa injini ulikaa chini, karibu na ardhi, jambo limfaalo mpandaji anapoinama penye kona.

Injini inayoshindiliwa hewa hupata joto kali, na joto hilo lazima liondolewe. Kila mama ajua kwamba uji hupoa upesi katika sahani kuliko katika kikombe, kwa kuwa katika sahani hupata nafasi kubwa ya kukutana na hewa. Mafundi walifuata kanuni iyo hiyo. Juu ya vichwa vya silinda walitoa miiba mingi ya chuma, ili upepo upite katikati yake na kuchukua joto. Hii ndiyo miiba iliyowafanya watazamaji waseme, “Huyu ni nungunungu!”

Pikipiki ilikuwa bado haijapata hata kuingia mashindanoni, likatoka neno. Mwaka wa 1946 chama cha kimataifa kinachotawala mbio za pikipiki kilipiga marufuku mitambo yote ya kushindilia hewa. Nafasi ile iliyotengwa juu ya sanduku la gia ikabaki tupu.

Tufikiri kidogo jinsi fundi alivyojisikia siku hiyo. Amejenga nyumba yenye mlango mpana kwa ajili ya mgeni mnene, kisha aambiwa kwamba mgeni haji. Aibomoe nyumba, au akae ndani yake hivyo hivyo? Hao wa AJS walikaa. Waliondoa wazo la mivukuto, wakatia kabureta za kawaida, wakaanza kuifundisha injini kuvuta pumzi yenyewe. Haikuwa kazi nyepesi. Injini inayoshindiliwa hewa haihitaji kuubana sana mchanganyiko wake kabla ya kuwaka, kwa maana umekwisha kubanwa na mtambo. Lakini injini isiyo na mtambo yataka kubana sana ndipo ipate nguvu. Tena petroli iliyopatikana Uingereza baada ya vita ilikuwa duni, nayo haikustahimili kubanwa. Na kwa sababu silinda zilikuwa zimelala, kuipeleka petroli ndani kwa kipimo kilicho sawa, katika milima na mabonde na kona, kulikuwa taabu isiyokwisha.

Mwaka wa 1947 Nungunungu wawili walipelekwa Kisiwa cha Man kwa mara ya kwanza, mmoja akiwa na Leslie Graham na mwingine na Jock West. Walimaliza wa 9 na wa 14. Hakuna aliyetetemeka.

Huyu Leslie Graham yafaa tumjue. Alizaliwa mwaka wa 1911, na wakati wa vita alikuwa rubani wa ndege kubwa za kutupa mabomu, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Vita vilipokwisha alirudi katika pikipiki, umri wake ukiwa umepita miaka 30, umri ambao wengi huanza kufikiri juu ya kuacha.

Mwaka wa 1949 ndio mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia katika mbio za pikipiki. Hapo kabla palikuwa na ubingwa wa Ulaya tu. Kwa daraja la 500, yaani pikipiki za nusu lita, ziliwekwa mbio sita: Kisiwa cha Man, Uswisi, Uholanzi, Ubelgiji, Ulster na Italia. Mshindi alipata alama 10, wa pili 8, wa tatu 7, wa nne 6, wa tano 5; na aliyepita mzunguko mmoja kwa kasi kuliko wote aliongezewa alama moja. Kisha palikuwa na shuruti ambalo twawaomba mlishike sana: katika mbio hizo sita, kila mtu angehesabiwa tatu tu zilizo bora.

Mbio za kwanza zilikuwa za Kisiwa cha Man mwezi wa Juni. Njia yao si uwanja. Ni barabara za watu wote, hufungwa kwa siku ya mbio, nazo hupita mijini, katikati ya kuta za mawe, kisha hupanda mlimani. Mzunguko mmoja ni maili 37 na zaidi, na siku hiyo ilipasa kuizunguka mara saba. Graham aliongoza. Ulipofika mzunguko wa saba alikuwa bado mbele, Nungunungu akinguruma vizuri, na ilibaki kama maili mbili tu kufika. Hapo injini ikanyamaza.

Kilichovunjika ni mhimili wa magneto, chuma chembamba. Magneto ndicho chombo kitoacho cheche za kuwashia petroli, nacho huzungushwa na injini yenyewe. Mhimili ukikatika, petroli iko, hewa iko, pistoni ni nzima, lakini moto hakuna. Graham aliiacha pikipiki iserereke mpaka iliposimama, akashuka, akaanza kuisukuma kwa mikono, naye amevaa mavazi mazito ya ngozi baada ya kukaa juu ya chombo hicho zaidi ya saa mbili na nusu. Wenzake wakawa wanampita mmoja mmoja. Ushindi ulikwenda kwa Harold Daniell aliyepanda Norton. Graham alivuka mstari akiwa wa 10, na wa 10 hapati alama hata moja.

Wako waliosema kwamba kusukuma kule hakukuwa na faida. Kwa hesabu ya alama ni kweli. Sisi hatuwezi kumwona mtu yule kuwa mpumbavu. Lakini wenye kupenda hesabu na waendelee na yao, maana hesabu ya mwaka huo ina mambo.

Uswisi, Graham alishinda. Uholanzi alishinda Mwitalia Nello Pagani, mpandaji wa Gilera yenye silinda nne, na Graham akawa wa pili. Ubelgiji alishinda Bill Doran, naye pia juu ya Nungunungu. Ulster alishinda tena Graham. Zikabaki mbio za Italia, katika uwanja wa Monza, nyumbani kwa Pagani na mbele ya watu wake. Pagani akashinda, na bila shaka wengi waliokuwa pale walidhani wamemwona bingwa wa dunia.

Vikapigwa vitabu. Alama zote za mwaka zikijumlishwa pamoja, Pagani alikuwa na 40, na Graham 31. Lakini kwa shuruti la mbio tatu bora, Graham alibakiwa na 30, na Pagani 29. Alama moja! Nungunungu akawa pikipiki ya kwanza kupata ubingwa wa dunia wa daraja la 500, na mpandaji wake bingwa wa kwanza.

Je, ilikuwa haki? Mara nyingi tumeona wanafunzi wakibishana juu ya jambo hili mpaka kengele ikalia. Wapo wasemao kwamba aliyekusanya alama nyingi mwaka mzima ndiye bora. Sisi twaona kwamba hukumu ilikuwa sawa, kwa sababu shuruti lilijulikana kabla ya gurudumu la kwanza kuzunguka, na halikuwekwa kwa ajili ya mtu fulani. Ile ya 1946 ndiyo iliyokuwa chungu zaidi, maana iliwakuta mafundi wakiwa kazini. Hata hivyo iliwapiga wote. Gilera nao walikuwa na mivukuto wakaiacha. Tofauti ni kwamba wao walichora injini mpya, na AJS wakaendelea na ile ile.

Na gharama ya kuendelea na ile ile ilionekana baadaye. Mwaka wa 1950 Graham alishinda tena Uswisi, lakini ubingwa ulichukuliwa na Umberto Masetti wa Gilera. Mwaka uliofuata Graham aliwahamia MV Agusta wa Italia. Mwaka wa 1952 AJS walileta Nungunungu wa pili, silinda zake zikiwa zimeinuliwa zaidi na miiba imeondolewa. Watu wakazidi kumwita Nungunungu. Huko Uswisi Jack Brett alishinda kwa pikipiki hiyo na Bill Doran akawa wa pili. Baada ya hapo silinda nne za Waitalia zilizidi mno kwa nguvu.

Graham mwenyewe alikufa mwezi wa Juni 1953 katika Kisiwa kile kile cha Man, chini ya mteremko wa Bray Hill, akiwa juu ya pikipiki ya MV. Alikuwa na miaka 41. Wiki ile ile alikuwa ameshinda mbio za pikipiki ndogo, ushindi wake wa kwanza na wa pekee kisiwani humo. Mwanawe, Stuart, alikuja kushinda huko mwaka wa 1967.

Mwisho wa mwaka wa 1954 kampuni iliondoa pikipiki zake za kiwanda katika mbio, na Nungunungu hakurudi tena. Daraja la 500 liliendelea hata mwaka wa 2001, kisha likabadilishwa jina na sheria zake. Katika miaka yote hiyo hakuna pikipiki nyingine ya silinda mbili iliyopata ubingwa wake.