Umeme ni wa umma: tuufuate kwenye mpango wa kaunti

Maelezo kwa wakazi wa Migori na majirani wa Homa Bay, yaliyotolewa barazani na afisa wa kawi

 

Kila ninapokwenda mashinani naulizwa swali moja: "Maporomoko ya Gogo yako kwetu, mto Kuja unapita kwetu, nyaya ziko juu ya paa zetu. Mbona bado tunawasha koroboi?" Swali hilo ni la haki. Nitalijibu bila kuzunguka, kisha nitawaomba jambo moja.

Kituo cha Gogo kilijengwa miaka ya 1950 ili kupeleka umeme kwenye migodi ya Macalder. Nyumba za wananchi hazikuwa kwenye hesabu. Migodi ilifungwa, maji yakaendelea kuzungusha mitambo. Leo kituo ni cha KenGen, kampuni ambayo serikali ina asilimia 70 ya hisa zake. Uwezo wake ni megawati 2. Zikipatikana zote, zinaweza kuwasha balbu 200,000 za wati 10 kwa wakati mmoja. Si haba, lakini ukiongeza hospitali, visiagi, mashine za kuchomelea vyuma na majokofu ya samaki, haziendi mbali.

Tena umeme wa Gogo hauishii Gogo. Unaingia kwenye gridi ya taifa na kuchanganyika na ule wa Sondu Miriu, wa mvuke wa Olkaria na wa upepo wa Turkana. Ni kama mito inayoingia ziwani: ukichota ndoo Muhuru Bay, huwezi kusema haya ni maji ya Kuja tu. Anayeusambaza ni Kenya Power, ambayo serikali inamiliki asilimia 50.1 yake. Bei huidhinishwa na mamlaka ya EPRA, na ni moja nchi nzima. Anayeishi kando ya Gogo hapunguziwi kwa kuwa karibu na kituo. Na sisi sote hatuongezwi kwa kuwa mbali na Olkaria.

Je, kituo cha maji kinatufaa nini basi? Mambo mawili.

La kwanza ni bei. Ukinunua tokeni, angalia mchanganuo wa pesa zako. Utaona gharama ya mafuta. Mvua ikikosekana na mabwawa yakapungua, mitambo ya kuchoma mafuta huwashwa, na gharama hiyo hupanda kwa kila mteja, hata yule mwenye balbu mbili. Maji, mvuke, jua na upepo hatuviagizi kwa meli. Kwa hivyo umeme safi ni suala la mfuko wako pia.

La pili ni nguvu ya umeme wenyewe. Umeme unaosafiri mbali hupotea njiani na hufika ukiwa dhaifu. Mwaka 2016 mtambo wa kuchoma mafuta ulihamishiwa Muhoroni kwa sababu umeme wa upande huu wa magharibi ulihitaji kuinuliwa. Kila kituo safi kilicho karibu nasi hupunguza haja ya mtambo wa namna hiyo.

Lakini mto ukifa, kituo kinakufa. Kuja hubeba udongo kutoka nyanda za juu za Kisii hadi kwetu, na bwawa la Gogo limejaa tope. Anayelima hadi ukingoni mwa mto anapunguza mwanga wa jirani yake wa chini. Hili haliwezi kutatuliwa na kaunti moja.

Sasa nije kwenye ombi langu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu katika usambazaji wa umeme na usimamizi wa kawi. Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka kaunti ziandae mipango yao ya kawi. Mpango huo ndio unaosema ni kijiji gani, shule gani na ufuo gani unahitaji nini. Kijiji kisichoandikwa kwenye mpango hakina pa kusimamia wakati wa kugawa fedha.

Kuna miji duniani inayomiliki umeme wake yenyewe. Mwaka 1902 wapiga kura wa Seattle, Marekani, walikubali mji wao ukope fedha ujenge kituo cha umeme wa maji. Hadi leo umeme wa mji huo ni mali ya umma. Sisi hatujafika huko, na kaunti zetu hazimiliki gridi. Lakini kilichowafikisha pale tunaweza kukifanya hapa: walijitokeza, wakasema wanachotaka, wakaamua.

Kwa hivyo kikao cha kupokea maoni kikiitishwa katika wadi yako, njoo na majibu matatu. Transfoma iliyo karibu iko umbali gani? Mpango wa Last Mile ulipoanza 2015 ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 za transfoma, kwa hiyo aliye nje ya hapo lazima aseme. Pili, umeme utafanya kazi gani: kusaga, kutengeneza barafu ya samaki, kupampu maji? Tatu, kama laini ni ghali kufika kwenu, je, mtambo wa jua wa kijiji unafaa? Ndugu zetu wa Homa Bay wana mfano: kisiwani Mfangano hawakungoja nyaya zivuke ziwa, mtambo wa dizeli na jua uliwekwa kule kule.

Na tusijiunganishie umeme kwa njia za mkato. Waya uliofungwa kwenye mti huua mtoto, na hasara yake hulipwa na wote. Ukiona waya umeanguka, usiuguse. Weka watu mbali, kisha upige 97771.

Mtu akiwauliza umeme huu ni wa nani, mwambieni ni wa umma, na umma ni sisi. Lakini mwenye mali ni yule anayehudhuria kikao. Karibuni tuandike mpango pamoja.