Dawa inayolala Kasongo, mgonjwa wa Kabambare: nani atajibu?



Leo sikuja kusema juu ya barabara, ingawa barabara itaingia tu. Kwetu hapa huwezi kusema neno la dawa bila barabara kuingia. Nakuja na swali moja: mtu anayetoa dawa iliyobaki, bila kuuza, kwa karatasi, kwa kufuata kanuni, mambo yakiharibika ni nani anamulinda?

Munajua vile inaendaga. Kituo kimoja cha afya kina makarto ya dawa ya malaria, tarehe ya mwisho inakaribia, juu wagonjwa walikuwa kidogo ao watu walikimbia vita. Kituo kingine, ng'ambo ya Luama, rafu ni tupu. Mama anaambiwa aende kununua sokoni, kwa meza, vidonge vilivyokaa juani tangu asubuhi. Dawa ya kile kituo cha kwanza inalala mpaka tarehe inapita. Kisha wanaandika procès-verbal, wanachoma.

Kwa nini haikupelekwa? Barabara, ndiyo. Usalama, ndiyo. Lakini kuna kitu cha tatu ambacho wanganga wanakisema kwa sauti ya chini: woga. Muuguzi akitoa karto bila barua ya ofisi kuu ya zone ya afya, anaweza kuambiwa ameiba. Anayepokea, mtoto akizidiwa, atajibu yeye. Motari aliyebeba naye ataitwa. Mbele ya OPJ hakuna anayekuuliza kama ulikuwa na moyo muzuri. Wanauliza nani alitoa kile kidonge. Na namna mafaili ya OPJ yanaishaga, sina haja ya kuwaeleza.

Sheria inasema nini? Ile ya mwaka 1888 juu ya mikataba na madeni, artikle 258, inasema kila tendo la mtu linaloletea mwingine hasara linamulazimisha yule aliyekosa kulipa. Artikle 259 inaongeza uzembe na kutojihazari. Kanuni ya azabu ya 1940, artikle 52 na 53, inaazibu mtu aliyeua bila kukusudia kwa kukosa kuangalia mbele: miezi 3 mpaka miaka 2 ya gereza. Hizi si sheria mbaya. Mtoto wangu akiuawa na dawa ya hovyo, mimi mwenyewe nitazikimbilia. Lakini kanuni ileile inaazibu pia mtu anayemwacha mwenzake katika hatari bila kumusaidia. Sasa muweke muuguzi wa kijiji katikati ya hizo mbili, usiku, mtoto anatetemeka, na karto ya kituo jirani iko mezani. Afanye nini?

Wakubwa hawana woga huo, na hapa ndipo ninapokasirika. Mwaka 2021, wakati wa chanjo za Covid za mpango wa COVAX, makampuni yaliyotengeneza hayakukubali dozi zitoke mpaka nchi zinazopokea zisaini kwamba mtu akizurika, madai hayatakwenda kwa kampuni. Kongo ilipokea dozi kama milioni 1.7 za AstraZeneca tarehe 2 Machi 2021. Chanjo ikachelewa kuanza, watu wakasita, na kama milioni 1.3 zikapelekwa nchi zingine, Ghana na Madagascar kati yao, ili zisiishe tarehe hapa kwetu. Munaona? Dawa ambayo haikutumika ilitoka, ikavuka mipaka, ikafikia watu wengine, na hakuna aliyeitwa mwizi. Karatasi zilikuwa tayari. Tena kwa nchi 92 zenye uwezo mudogo, Kongo ikiwemo, OMS iliweka mfuko wa kumulipa mtu aliyezurika vibaya na chanjo hizo bila yeye kwenda tribinali. Kampuni ililindwa, mgonjwa akawekewa mlango wa kupigia hodi. Kumbe inawezekana.

Tazama sasa mugawaji wa Mectizan kijijini. Tangu 1987 kampuni ya Merck inatoa dawa hiyo bure juu ya onko, ugonjwa unaopofusha watu kando ya mito. Kijana wa kijiji anapita nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupima urefu: urefu wako ndio unaonyesha idadi ya vidonge. Dawa nzuri sana. Lakini kuna sehemu za Kongo ambapo mtu mwenye minyoo mingi ya loa loa damuni, akiimeza, anaweza kupoteza fahamu, hata kufa. Ikitokea, familia haitatafuta Merck kule Marekani. Itapiga mlango wa yule kijana wa fimbo.

Kuna wandugu kati yetu waliopendekeza tukusanye dawa zilizobaki majumbani, Kindu, Goma, mpaka kwa ndugu zetu wa Ulaya, tulete Kabambare kwa valizi. Nia naiheshimu. Mimi ninakataa, na ninaomba mouvement ikatae. Ufaransa walifanya hivyo miaka mingi: watu walirudisha dawa kwenye farmasi, zingine zikatumwa Afrika. Sheria ya Februari 2007 ilifunga njia hiyo, na mwisho wa 2008 ikaisha. Eritrea, wakati wa vita yao ya uhuru, walipewa malori 7 ya aspirini iliyokwisha tarehe. Kuichoma kulichukua miezi 6. OMS katika mwongozo wake, ulioanza 1996, inasema wazi: dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa kisha ikarudishwa haitolewi zawadi kwa nchi nyingine, na kwa kawaida dawa ikifika iwe na angalau mwaka 1 mbele yake. Kidonge kilichokaa miezi sita katika droo ya mtu hakuna anayejua kilipitia joto gani. Maskini si pipa la takataka la tajiri, wala sisi hatutakuwa wabebaji wa pipa hilo.

Tunachoomba ni kidogo zaidi, na kigumu zaidi. Sheria 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, ile ya afya ya umma, iongezewe artikle inayosema waziwazi: dawa iliyofungwa bado, yenye tarehe, iliyotoka kituo kinachojulikana, ikaangaliwa na mutu wa farmasi, ikaandikwa kwa kitabu cha pande zote mbili, aliyeitoa, aliyeibeba na aliyeigawa bure hawashitakiwi kwa sababu tu waliigawa. Marekani majimbo mengi yana sheria za namna hii. Iowa wanagawa dawa zilizobaki kwa mpango kama huo tangu 2007. Lakini anayeuza, anayefuta tarehe, anayefungua pakiti, kinga hiyo isimuguse hata kidogo. Na aliyezurika awe na mahali pa kulipwa, la sivyo tutakuwa tumewalinda wanganga kwa mgongo wa wagonjwa.

Kungoja Kinshasa ni kurefu. Kwa hiyo, wakati tunangoja, tunaomba daktari mkuu wa kila zone, Kabambare, Lusangi, Saramabila, pamoja na wenzao wa Kasongo, waweke barua moja ya kudumu: dawa ikibakiwa na miezi 3 na kituo hakiihitaji, kituo kitangaze, na kingine kiombe. Hiyo haihitaji depite.

Barua yetu iko kwa meza pale, itasomwa kwa sauti kabla ya mtu kuweka sahihi ao kidole. Jumatatu inakwenda kwa administrateur wa teritware, kopi kwa divisheni ya afya Kindu na kwa madepite wetu. Wanganga wanaoogopa kuweka jina wasiweke, hatutawasema vibaya. Watuambie tu, pembeni, ni dawa gani zinalala, na tarehe yake ya mwisho ni lini.